Kisanduku Kilicholala Usenge

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimefika Usenge, kando ya ziwa, saa nane mchana. Joto hili! Nimepanga chumba kwa Mama Aloo, mjane mwenye duka la unga na sabuni. Kitanda, meza, dirisha moja linalotazama nyavu za kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani. Taulo langu linanuka samaki na sijalitumia hata mara moja.

Wiki tatu, Wakoli alisema. Funga kisanduku, kitazame kikifanya kazi mahali penyewe, andika namba, rudi Kisumu. Yeye ndiye mwenye karakana. Mimi ndiye niliyeandika programu, kila mstari. Miezi kumi na minne ya maisha yangu — na inaingia kwenye mkoba wa mkononi!

Nimejaribu kumweleza Mama Aloo wakati wa chai. Friji ya chanjo pale dispensari inatumia betri za sola. Katikati ya betri na friji lazima kuwe na pawa saplai, inayokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili friji ipate kiasi chake. Zile za zamani hukatakata tu hata friji ikiwa imetulia haitaki kitu, na betri inaisha bure. Kisanduku changu, kazi ikiisha, kinalala. Kinaamka kidogo, kinachungulia kama kuna anayehitaji umeme, kinalala tena.

Mama Aloo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama nimeolewa.

Jumanne, 4 Februari

Nimefunga kisanduku. Sista Milka, nesi anayeendesha dispensari karibu peke yake, alisimama nyuma yangu muda wote, mikono kiunoni. Saplai ya zamani ilikuwa inakula wati tisa friji ikiwa imenyamaza. Yangu — wati moja nukta moja. Nilipima mara tatu. Moja nukta moja!

"Wati mimi sijui," Milka akasema. "Niambie kwa masaa."

Nikamwambia kisanduku kinalala friji ikitulia, kwa hiyo taa ya chumba cha kuzalia inaweza kuwaka usiku kucha na asubuhi betri bado iko na nguvu. Alipiga meza kofi. Anasema Novemba alimzalisha mwanamke kwa tochi ya simu, na simu ilishikwa na mama mkwe aliyekuwa akitetemeka.

Nikampigia Wakoli. "Mulembe, Nakhungu!" akanisalimu. Tuliongea Kibukusu dakika ishirini — kazi, kisha mahindi ya kwao, kisha mambo ya bure. Tangu Mama afariki Agosti, sina mwingine wa kuongea naye Kibukusu. Ndugu zangu huniandikia kwa Kiingereza, tena mara chache. Hilo sikuwa nimelifikiria hadi nilipokata simu na chumba kikanyamaza.

Jumatano, 5 Februari

Kisanduku kinapiga mluzi. Mwembamba sana, kama mbu aliye chumba cha pili. Kikisinzia na kuamka, koili, ule msokoto wa waya ndani yake, inatetemeka. Hakina ubaya wowote ila kinaudhi. Nikamuuliza Milka. Hasikii. Mzee Dalmas, mlinzi, akaweka sikio hadi likagusa bati. Hasikii. "Injinia, pengine ni damu yako," akasema.

Saa tano mtoto wa miaka mitatu hivi alikuja na nyanya yake. Alisimama mlangoni, akaziba masikio yote mawili, akaniangalia. Mtu mmoja, basi, katika Usenge nzima! Nusura nimkumbatie.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mahubiri yote kwa Dholuo, lugha ya hapa. Watu wakacheka, nami nikacheka — sekunde moja nyuma yao. Mama mmoja akanigeukia kunitafsiria: pasta anasema kuna mtu alimwibia jirani kuku halafu akamwalika chakula. Nikacheka tena, kwa adabu. Wote walishaacha.

Si kwamba hawanipendi. Wananipa kiti, soda, mgongo wa samaki mbuta. Wakinisemesha ni Kiswahili, polepole, kama watu wanaobeba kitu kinachovunjika. Wakimaliza wanarudi kwa Dholuo na mimi narudi kwenye sahani.

Jumanne, 11 Februari

Siku saba, friji haijatoka kati ya nyuzi nne na tano. Betri asubuhi zimejaa kuliko zilivyokuwa zamani jioni. Nimemtumia Wakoli namba.

Akapiga mara moja. Visanduku vingine arobaini kama hiki, vilivyokuwa vikisubiri namba zangu, vimeshatoka! Shirika lililoviagiza lilituma gari Ijumaa, vimefungwa dispensari za ufuo mzima. Nikamwambia si tulisema wiki tatu? Akacheka. "Si umepata moja nukta moja?" Nimepata. "Basi furahi, mwanangu."

Nilifurahi. Nilikula andazi la pili.

Jumatano, 12 Februari

Hakuna kitu. Upepo. Mzee Dalmas analalamika taa yake ya nje imeungua, atakaa gizani mpaka mtu aende Bondo kununua nyingine. Nimefua.

Alhamisi, 13 Februari

Niandike.

Alhamisi ni siku ya chanjo. Nilifika saa mbili kasoro na akina mama tayari wamejaa kwenye benchi na chini ya ukingo wa paa. Milka alikuwa amepiga magoti mbele ya friji, mlango wazi. Hakugeuka. Akasema tu, "Njoo uone."

Nyuzi kumi na moja.

Akanyanyua chupa moja ya polio, akanionyesha kile kimraba kwenye lebo. Kinatakiwa kubaki cheupe kuliko duara lililokizunguka. Kilikuwa kimeanza kuwa zambarau. Akanyanyua nyingine. Na nyingine. Friji ilikuwa kimya. Kisha — tiki. Kimya. Baada ya dakika moja — tiki. Ilikuwa inajaribu kuwaka na inashindwa.

Milka akapiga simu kwa ofisi ya chanjo, akaambiwa afunge zote kwenye mfuko, asitumie hata moja. Chupa sitini na tatu. Alizihesabu kwa sauti, moja moja, na mimi nimesimama pale kama mti. Kisha akatoka nje kuwaambia wamama. Aliongea Dholuo, lakini safari hii nilielewa kila neno.

Wengi waliondoka. Mmoja alibaki. Aoko, mwembamba, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Opiyo na Adongo, wiki sita. Amekuja kwa boti kutoka kisiwa kisicho na dispensari, na boti inarudi saa saba tu, kwa hiyo akakaa. Hakujua mimi ni nani. Aliniomba nimshikie Adongo akamfunge Opiyo upya, na nikamshika, na mtoto akanipenyezea kidole chake kwenye kitanzi cha kitambulisho changu cha kazi. Kimeandikwa jina langu na cheo. Kwa herufi kubwa kabisa.

"Wamesema dawa imeharibika," Aoko akaniambia. "Ni stima ilipotea ama?"

Ningeweza kusema ndiyo.

Nikasema, "Hapana. Ni kifaa changu. Mimi ndiye nilitengeneza."

Akachukua mtoto wake.

Nimerudisha saplai ya zamani. Friji ikawaka papo hapo. Milka hajaniambia neno la hasira, heri angeniambia. Mchana alisema kwa sauti ya kawaida tu, akifuta meza: "Wewe ulisema kinalala. Mimi nikadhani kinalala kama mlinzi, sikio moja wazi."

Ijumaa, 14 Februari

Nimepata.

Ndani ya kisanduku kuna kadi inayorekodi kila kitu. Usiku wa Jumatano, kuanzia saa tatu hadi saa moja asubuhi, friji ilijaribu kuwaka mara mia sita na mbili. Mara mia sita na mbili iligonga mlango, na ndani hakuna aliyefungua!

Niandike vizuri nijielewe. Mchana dispensari ina feni, ina simu za watu zinachajiwa. Kisanduku kinasinzia tu. Usiku ilikuwa inabaki taa ya Mzee Dalmas, wati tatu, na hiyo pekee ilitosha kukizuia kulala kabisa. Jumatano taa ikaungua. Hakuna anayevuta umeme hata kidogo — kisanduku kikalala usingizi wa kweli. Kikiwa hivyo kinaamka kuchungulia mara tano kwa sekunde. Mimi niliweka tano. Nakumbuka siku niliyoweka! Mara ishirini ingekula wati zaidi, na nilitaka ile moja nukta moja. Kompresa ya hapa, ile mota ya friji, ni kuukuu, inavuta kwa nguvu ikianza. Kabla kisanduku hakijachungulia, volti zimeshaanguka, friji imejikinga na kujizima. Inasubiri dakika. Inajaribu tena. Kisanduku kimeshalala tena.

Karakanani tulipima na kompresa mpya. Inaanza taratibu kama bibi harusi.

Kwa hiyo si friji. Si betri. Si Milka kuacha mlango wazi. Ni namba tano, mstari wa mia tatu na kumi na mbili wa programu yangu.

Jumamosi, 15 Februari

Nilimpigia Wakoli asubuhi. Nikamweleza yote, Kibukusu, hata mstari. Kisha akajibu kwa Kiswahili.

Hajawahi kuniongelesha Kiswahili tukiwa wawili.

Akasema friji moja kuukuu, usiku mmoja, hiyo si ushahidi. Akasema kuna njia rahisi: tuandike kwenye maagizo kwamba taa ya usiku isizimwe kamwe. Nikamwambia taa huungua. Akasema basi wabadilishe. Nikamwambia wakati inabadilishwa chanjo zinaoza, na wakiwasha taa milele ili kisanduku kisilale, tumeokoa nini? Akapandisha sauti. Nina watu tisa karakanani, akasema. Nikipeleka barua kwa shirika kwamba visanduku arobaini vina kasoro, wanarudisha vyote, na hawa tisa nitawaambia nini? Watoto wao utawalisha wewe? Kwenye ripoti andika kompresa ni mbovu. Si uwongo. Ni mbovu kweli.

Ndicho kinachouma. Si uwongo.

Huyu ndiye aliyeniajiri wakati kila ofisi Kisumu ilikuwa inaniuliza kama nimekuja kuomba kazi ya ukarani. Alibeba jeneza la Mama, upande wa mbele kushoto, kwenye matope, na viatu vyake vizuri.

Nikasema nitafikiria. Akakata bila kuaga.

Jumapili, 16 Februari

Sikuenda kanisani. Mama Aloo aligonga, akaweka uji mlangoni, akaondoka. Nilimsikia akimwambia mtu pale nje kitu kilichokuwa na jina langu ndani yake.

Jumanne, 18 Februari

Nafanya kazi kwenye stoo ya dispensari, kati ya maboksi ya glavu. Milka ameniachia ufunguo. Sijui kama ni kuniamini au kuchoka nami.

Wazo: kisiamke kwa saa. Kiamke kwa kushtuliwa. Kwenye chipu kuna mguu mmoja ambao hatukuutumia, unaoweza kuhisi volti zikianza tu kushuka. Friji ikivuta, huo mvuto wenyewe ndio umwamshe aliyelala. Sijui kwa nini sikufanya hivi tangu mwanzo. Najua. Huo mguu ukiwa macho, unakula nusu wati.

Mzee Dalmas amepata balbu mpya. Nimemwomba asiifunge hadi Ijumaa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nahitaji giza. Akasema watu wa kwetu Bungoma ni wagumu, lakini ameiweka mfukoni, na anakaa na tochi.

Jumatano, 19 Februari

Nimekirudisha kisanduku: wati moja nukta sita. Friji imeanza mara kumi na nne kati ya kumi na nne, kila kitu kingine kikiwa kimezimwa! Nilipiga kelele. Hakuna mtu. Nikashika simu kumpigia Wakoli — kidole kikiwa juu ya jina lake — nikairudisha mezani.

Kwa mazoea, jioni niliwaza Kibukusu kwa sauti nikiosha sufuria. Mama Aloo akauliza naongea na nani.

Alhamisi, 20 Februari

Chanjo mpya zimeletwa jana kwa pikipiki. Asubuhi, nyuzi nne nukta sita, baada ya usiku wa giza tupu. Milka aliangalia kipimajoto, akakigonga kwa kucha, akaangalia tena. Kisha akafungua mlango wa nje na kuita wa kwanza.

Aoko amerudi! Sikutegemea. Boti tena, pacha wote wawili. Opiyo alilia kabla hata hajaguswa, Adongo baada ya muda, kama mtu aliyekumbuka. Alipomaliza Aoko alipita mbele yangu, akasimama. "Umetengeneza?" Nikasema nimetengeneza. Akaitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, na sikumdai tabasamu.

Milka mchana: "Hii moja iko sawa. Kuna zingine?"

Sikuwa nimemwambia kuhusu zile arobaini. Nikamwambia. Akaweka chini kikombe chake.

Ijumaa, 21 Februari

Milka yuko kwenye kundi la WhatsApp la manesi wa ufuo wote. Aliandika swali moja tu: ni nani friji yake imepanda joto usiku tangu kisanduku kipya kifungwe? Tukakaa tukitazama simu yake kama watu wanaosubiri ugali uive.

Watano wamejibu. Mmoja alidhani ni yeye aliyeacha mlango wazi, akaandika barua ya kuomba msamaha kwa wakubwa wake. Barua ya kuomba msamaha! Kwa namba tano yangu.

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili. Mstari wa mia tatu na kumi na mbili umo, na jina langu limo kama aliyeuandika. Kompresa imo pia, kwa kiasi chake. Nimeituma kwa Wakoli saa kumi, na kwa shirika saa kumi na dakika tano. Nilimpa zile dakika tano ili aweze kusema aliipata kwanza. Sijui kama zina maana yoyote.

Milka ameandika kwenye kundi: kila mtu awashe taa moja usiku, asizime, mpaka fundi afike.

Fundi ni mimi.

Jumapili, 23 Februari

Kimya kutoka Kisumu. Simu yangu haijalia siku mbili, isipokuwa kampuni ya simu ikinitangazia bando. Nimepanga njia kwenye karatasi: dispensari arobaini, kompyuta moja, waya mmoja. Nikifanya tatu kwa siku ni wiki mbili. Nauli ni akiba yangu.

Mama Aloo amenifungia omena iliyokaangwa kwenye gazeti. Alisema kitu kwa Dholuo, kisha akafikiri, kisha akasema kwa Kiswahili: "Urudi." Pengine kulikuwa na maneno mengi zaidi kwenye ile ya kwanza.

Jumatatu, 24 Februari

Dispensari ya tatu leo, kijiji cha ndani kidogo kutoka ziwani. Mbili za kwanza zimekubali vizuri. Naandika hapa kwa sababu sina la kufanya ila kusubiri: programu mpya imeingia, nimezima kila kitu, na lazima friji ianze yenyewe, bila kusaidiwa, ndipo nifunge mkoba. Kompresa ya hapa ni kuukuu kuliko ya Usenge. Mkono wa kushoto uko juu ya friji, niusikie mtetemo. Wa kulia unaandika. Dakika kumi na saba. Bado.

Gari limeingia. Naujua mlio wake, ile eksozi hajaitengeneza mwaka wa pili.

Wakoli. Milka lazima ndiye aliyemwambia niko wapi. Amesimama mlangoni, ameinama kidogo kwa sababu mlango ni mfupi. Amekonda, au ni mwanga. Mkononi ameshika ripoti yangu, ameichapisha, imekunjwa mara nne.

Sikuinuka. Nikasema siwezi kuondoa mkono.

Akauliza, Kiswahili, zimebaki ngapi. Nikasema thelathini na saba, hii ikikubali. Akauliza ni nani mwingine anajua. Nikasema manesi wote. Akafunga macho.

Sasa ameingia. Hajakaa. Ameweka ripoti juu ya boksi la sindano, na ameweka kiganja chake juu ya friji, upande wa pili, pale fundi yeyote angeweka. Friji iko kimya. Simu yake inalia kwenye mkono wake mwingine — naona jina kwenye kioo, ni wale wa shirika. Anaitazama. Hapokei, hakati.

Inaendelea kulia.